Swali la Redio ya Evaristo

Kapasita ilikuwa peke yake ndani ya sahani ya bati, haijaungwa na waya wowote, lakini Nolasco alipoigusa ilimpiga shoti hata kiwiko chake kikagonga ukuta.

Alitukana, kisha akaitazama. Ilikuwa kijipipa cha karatasi na nta, kinene kama kidole gumba, sawa na vingine vingi alivyokwisha kuvitoa katika redio za valvu. Kazi ya kapasita ni kutunza umeme, na kila fundi anajua kuwa zile za zamani zina kinyongo: ukizimaliza umeme leo, kesho unaweza kukuta zimebakiza kidogo. Lakini hii aliimaliza jana kwa bisibisi. Akaimaliza tena. Cheche ikalia kama mjeledi. Alipoishika, ikampiga kwa nguvu zaidi, kama mtu anayechukia kunyamazishwa.

Redio ilikuwa ya baba yake, Evaristo, ambaye Nolasco hakuwahi kumwona. Wapelelezi walimchukua enzi za Mkuu, dikteta wa wakati ule, kwa kosa la kusikiliza stesheni ya ng'ambo iliyokuwa ikimtukana Mkuu. Nolasco alikuwa bado tumboni. Maiti haikurudi, na mama naye hakudumu. Mtoto akalelewa na Ludovina, dada wa marehemu.

Pale mjini Moca, nyumba ikiwa na msiba, redio hufunikwa shuka na kugeuzwa uso ukutani mpaka sala ya mwisho isomwe. Kwa Evaristo sala ya mwisho haikusomwa, kwa kuwa hapakuwa na kaburi la kuisomea. Redio ikakaa chini ya shuka tangu siku hizo. Sasa Ludovina alikuwa mzee, akataka mambo yamalizwe: sala isomwe, na redio ya kaka yake iimbe siku hiyo hiyo. Nolasco akaivua shuka mwenyewe, kabla ya sala, ili awahi kuitengeneza. Hakuona ubaya.

Aliyemuuza Evaristo alijulikana. Ludovina alisema ni Chago, jirani wa ng'ambo ya barabara. Tangu utotoni Nolasco alifundishwa kumpa kisogo. Chago alipopita alivua kofia. "Mchana mwema, Ludovina." Ludovina alitema mate chini. Chuki hiyo ndiyo urithi pekee Nolasco aliopewa, naye aliutunza. Alichotaka duniani ni kimoja: siku moja amsikie mtu akikiri kwa kinywa chake kwamba ndiye aliyemuua baba yake.

Akaanza kuyeyusha nta. Hakuwa fundi wa kutupa. Alitoa matumbo ya kila kapasita, akatia mpya ndogo ndani ya ganda lile lile la zamani, akaziba kwa nta ile ile, ili redio ikifunguliwa ionekane kama ilivyokuwa. Nta ilipochemka, harufu ya tumbaku ikajaa chumbani. Ludovina akasimama mlangoni.

"Unavuta kiko humu?"

"Lini umeniona na kiko, Shangazi?"

"Hiyo ni tumbaku ya Evaristo." Alishika fremu ya mlango. "Hayo makapi si uyatupe?"

"Nataka atakayefungua aone kama ilivyokuwa."

"Nani atafungua, mwendawazimu wewe?"

"Mimi."

"Ukaidi wa baba yako huo," alisema, akaondoka haraka kuliko miguu yake ilivyozoea.

Siku ya kuijaribu, aliiunga redio kupitia balbu, kama ilivyo desturi, ili kukiwa na hitilafu balbu iwake sana na redio isiungue. Balbu iliwaka, ikafifia vizuri. Valvu, zile taa za kioo ndani ya redio, zikaanza kuwa nyekundu kama zinaona haya. Mara umeme ukakatika mtaa mzima.

"Wamekata tena, wezi wakubwa!" mwanamke alipiga kelele nje.

"Si jana tu wametoa hotuba?" mwingine akajibu. "Basi kapike kwa hotuba!"

Nolasco alicheka, akageuka. Balbu ilikuwa imezimika, lakini uso wa redio ulikuwa unawaka.

Kwanza kulikuwa na mluzi wa stesheni ya mbali, halafu ngurumo ya kigari kidogo, vile vigari vyeusi vilivyotumiwa na wapelelezi wa Mkuu, ambavyo watu wazima wa Moca mpaka leo wakivisikia hunyamaza katikati ya neno, kikapita, kikarudi, kikasimama kama kwamba kimesimama hapo hapo chini ya dirisha, na injini ikaendelea kutetemeka ndani ya spika, na harufu ya tumbaku ikapanda, na ndani ya ngurumo hiyo sauti ya mwanamume ikasema polepole kwa hasira iliyobanwa na meno:

"Ludo. Nani kafungua dirisha?"

Jikoni kitu cha udongo kilianguka, kikavunjika.

"Umesikia?" Nolasco alinong'ona alipomfikia shangazi yake.

"Sijasikia kitu."

"Amekuita Ludo. Nani anakuita Ludo?"

"Hakuna. Amekufa aliyekuwa akiniita hivyo." Akainama kuokota vigae. "Ichome moto redio hiyo, Nolasco. Leo."

Hakuichoma. Akamwita Mama Fefa, msomaji wa sala za wafu, akamweleza yote. Mama Fefa aliuliza swali moja tu.

"Yale maganda ya zamani umeyatupa?"

"Nimeyarudisha ndani."

"Lo! Umemfungulia mlango, kisha ukamjengea na nyumba." Alitikisa kichwa. "Atakaa humo mpaka uyang'oe maganda uyazike. Ni kazi ya mkono wako, si ya sala zangu. Lakini kwanza ajibiwe."

Sala ilisomwa mchana. Shuka jeupe, glasi ya maji aliyowekewa marehemu, chai ya tangawizi ikizungushwa, na redio juu ya rafu, waya wake umening'inia bila kuchomekwa. Mama Fefa hakuwahi kufika nusu ya sala. Uso wa redio ukawaka.

"Ludo. Nani kafungua dirisha?"

Wanawake walishikana mikono. Mama Fefa hakugeuka. "Mjibu kaka yako, Ludovina."

"Chago!" Ludovina alipaza sauti. "Ni Chago! Dunia nzima inajua!"

Maji ya glasi yalianza kutokota juu ya shuka baridi. Madirisha yote ya nyumba yakafunguka kwa kishindo kimoja. Nolasco akainuka, akavuka barabara, akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kulifanya: akagonga kwa Chago.

Mzee alikuja naye, kofia mkononi, akasimama katikati ya sebule ya Ludovina, akaelezwa swali la redio.

"Dirisha la wapi?" aliuliza. "Mimi dirisha la nyumba hii ningelifunguaje? Komeo liko ndani."

Nolasco alimtazama shangazi yake, mwanamke aliyemwosha, aliyemlisha, aliyemfundisha nani wa kumchukia.

"Nilitaka wamtishe tu," Ludovina alisema kwa sauti isiyofika ukutani. "Alinikataza nisiolewe na koplo wangu. Alikuwa akisikiliza chini ya blanketi, sauti ndogo kabisa. Kigari kilipokaribia, nikafungua dirisha nikaongeza sauti. Kumtisha tu."

Redio ikanguruma.

"Sema kwa sauti."

Tangu siku hiyo, kila umeme ukikatika, redio huwaka na kuamuru, na Ludovina hukokota kiti mpaka dirishani na kuipigia barabara kelele: "Ni mimi! Mimi nilifungua!" Watoto wamezoea. Wengine humjibu, "Tunajua, Bibi!"

"Mwanangu," Ludovina humwomba Nolasco, sauti imekwisha, "yang'oe yale maganda."

"Kesho, Shangazi."

Ni Chago aliyemfuata karakanani.

"Maliza, kijana. Mimi nimesamehe."

"Mimi bado. Wala baba."

"Baba yako?" Chago alizungusha kofia vidoleni. "Nimekaa mlango kwa mlango na Evaristo, barabara tu katikati. Hakuwahi kumkaripia hata mbwa. Nimeisikiliza sauti ile vizuri. Hiyo si ya Evaristo."

Mzee alipoondoka, Nolasco alisukuma kando kazi iliyokuwa mezani. Kisha akachukua bisibisi na koleo, akaenda sebuleni, akaigeuza redio, akafungua mgongo wake. Maganda yalikuwa yamejipanga, yananukia nta na tumbaku. Akaingiza bisibisi.

Umeme ukakatika. Katika giza la mchana wa mvua, uso wa redio haukuwaka.

Alishusha pumzi. Basi imekwisha, aliwaza.

"Ludo," ikasema sauti, "sema kwa sauti."

Na Ludovina, akiburuta kiti kuelekea dirishani, hakuitazama redio. Alimtazama Nolasco, mdomo wake uliokuwa ndio kwanza unafumba.