Dome si Dume

Muhonja wa Shianda hakuwa na miwa kama majirani zake. Shamba lake lilikuwa kuku wake wa mayai, na mayai hayo ndiyo yaliyolisha nyumba.

Asubuhi moja alitia mkono kwenye kiota, akashtuka. Yai lilibonyea! Halikuwa na ganda, lilikuwa na ngozi laini tu. La pili, vivyo hivyo. Lo! Nani atanunua yai la kubebwa kwa kijiko?

Mumewe, Protus, hakuwa na subira hata kidogo. "Mama Lynette," alimwambia mkewe, "Jumapili ya wiki ijayo tuna wageni. Hawa kuku wamechoka. Tuchinje wote."

Muhonja aliumia sana. Alimpigia simu rafiki yake Asiya wa Mumias, muuza vyakula vya kuku aliyewahi kuishi Mombasa. Simu ilikuwa inakatakata.

"Wape mfupa wa dome," Asiya alisema.

Muhonja akasikia "dume". Akaenda buchani mbio.

"Nataka mfupa wa ng'ombe dume."

Mchinjaji alicheka. "Mama, siku hizi mifupa nayo ina mume na mke?"

Muhonja aliuchemsha mfupa, akauweka bandani. Kuku walikimbilia pembeni kana kwamba wamemwona mwewe. Mbwa wa jirani akaja, akauchukua, akaenda zake.

Kesho yake Asiya alifika na mfuko. Aliposikia habari hiyo, alishika mbavu kwa kucheka.

"Wewe Muhonja! Nilisema dome, si dume! Dome ni mnyama wa baharini, ndugu yake pweza. Wengine humwita ngisi. Mgongoni ana huu hapa."

Akatoa kitu cheupe, chepesi, laini kama chaki.

"Huu ni mfupa?"

"Ndivyo unavyoitwa. Una kalsiamu, na hiyo ndiyo inajenganga ganda la yai. Uoshe chumvi itoke, uanike, uuponde. Weka kwa chombo chake peke yake. Kuku atadonoa anachohitaji."

"Na ukiisha? Bahari iko wapi hapa Shianda?"

"Duka la dawa za mifugo lina chokaa ya kuku. Hata maganda ya mayai yanafaa. Yachemshe, uyakaushe, uyasage yawe unga. Ukiwapa vipande vikubwa, watajifunza kula mayai yao. Na usiache kuwapa chakula cha kuku wa mayai."

Muhonja alifanya yote hayo. Kila asubuhi alibonyeza mayai kwa kidole, roho juu.

Jumapili ikafika. Protus alikuja bandani na kisu. Muhonja alimpa yai. Protus akalibonyeza, akakaza vidole. Yai likakataa.

"Kumbe!" alisema, akashusha kisu. Muhonja alihema, machozi ya furaha yakimlengalenga.

"Lakini wageni wako njiani," Protus alisema. "Mgeni hawezi kula ugali wetu, obusuma, bila ingokho, kuku wa heshima. Tutawapa nini?"

Muhonja alimwonyesha jogoo wao mnene aliyekuwa akiwika juu ya ua.

"Dume," alisema. "Na leo nimesema dume kweli."