Ishara kwa Kibanda Kitupu

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, hata la kuchekesha. Mtoto alitoka kuoga, akakatiza sebule akidondosha maji, na nyuma yake sakafuni zikabaki alama za vidole vya miguu tu. Visigino havikuwepo.

"Kifungo," mama yake akamwita bila kuacha kushona, "unanyata unakwenda kuiba nini?"

"Sinyati, mama."

Mama alikuwa fundi cherehani, na mtoto aliitwa Kifungo tangu alipomeza kifungo cha blauzi ya mteja, nyumba nzima ikakaa roho juu mpaka kilipotoka chenyewe. Fundi akageuka kumtazama. Miguu ya mtoto ilikuwa imelegea, vidole vikielekea chini, kama ya mtoto anayebebwa kwa makwapa. Akajiambia ni utundu tu. Kulikuwa na sketi ya kumaliza kabla ya jioni, na mwenye sketi ile hana dogo.

Alasiri mtoto akalala. Fundi akaingia chumbani kubadilisha shuka kwa sababu lilikuwa linanuka, na harufu yenyewe haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya grisi nzito, ya kutu, ya maji ya chumvi yaliyokaa mahali bila kutoka. Hakutaka kumwamsha, kwa hiyo alishika ncha ya shuka akavuta polepole, akingoja likwame penye mgongo pale ambapo kila mama anajua shuka hukwama, lakini shuka likaja tu, likateleza lote mpaka mikononi mwake, na mtoto hakutikisika, na kati ya gauni lake na godoro fundi akaona ukuta wa upande wa pili.

Juu ya dari kitu kikalia, kwa uvivu, kama kamba ya chuma iliyobeba uzito.

Mumewe alirudi na mitungi yake ya gesi akiwa na maneno mengi, kama kawaida yake. Alikuwa mtu wa masihara, hata msibani ilibidi akalishwe mbali na watu. Siku hiyo mkewe alimshika mkono mlangoni, akamvuta mpaka chumbani.

"Pitisha mkono hapo chini," alinong'ona.

"Chini ya nini? Una nini leo?"

"Pitisha tu, Baba Kifungo. Nakuomba."

Akapitisha. Mkono wake uliingia upande mmoja ukatokea wa pili. Akautoa upesi, na masihara yote yakamwisha usoni.

"Tangu lini?"

"Nimeona leo. Lakini harufu hii, ndiyo ile ya kule tulikokwenda kutembea."

Walikuwa wamekwenda gatini Jumapili. Zamani lilikuwa gati la mizigo, la magunia na vyuma, na makuli wenye migongo myeupe kwa vumbi la saruji. Sasa maghala yamegeuzwa mikahawa, penye mizani ya magunia panauzwa aiskrimu, na reli za mabehewa zimepandwa maua katikati. Wageni wanashushwa na mabasi, wanapiga picha kutu. Kreni moja imeachwa ukingoni, imepakwa rangi ya njano na kuvishwa taa za urembo, na kulabu yake inaning'inia juu ya watu wanaokunywa juisi.

Baba Kifungo alikuwa mtoa ishara pale ujanani. Kazi yake ilikuwa kusimama chini na kumwambia dereva wa kreni kwa mikono kile ambacho dereva hawezi kukiona. Siku ile ya matembezi aliongea mpaka mkewe akachoka: hapa tulikula, hapa fulani alitumbukia na viatu vipya. Halafu akamsimamisha Kifungo chini ya kulabu ili wapigwe picha. Akainua mkono, kidole cha shahada juu, akakizungusha kwa madaha. Ishara ya kuinua. Kulabu ikayumba kidogo.

"Upepo," alisema mkewe, akapiga picha. Miavuli ya mkahawa ilikuwa imetulia tuli, lakini nani anaangalia miavuli akiwa matembezini?

"Mimi ndiye niliyemwambia ainue," Baba Kifungo alisema sasa, akikaa ukingoni mwa kitanda. "Dereva hauangalii mzigo. Anamwangalia mtoa ishara wake, basi. Ukimwambia inua, anainua mpaka wewe mwenyewe umwambie shusha."

"Dereva gani? Kile kibanda cha juu si kitupu?"

"Hakikai kitupu, mke wangu. Sisi tuliokuwa chini tulijua. Dereva hakushuka hata kwenda kula bila kuvua shati lake akaliacha kitini. Kiti kile kiko wazi juu ya maji, walikuwa wakisema, kisipoonyeshwa mwenyewe kitatafuta mwenyewe. Siku gati lilipofungwa tulifukuzwa kwa filimbi. Kila mtu alikimbia na roho yake. Dereva naye alishuka na shati lake mwilini."

Mtoto aligeuka usingizini, akabaki akielea kiubavu.

Kesho yake wakamwita Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake fundi, ambaye mtaa mzima ulimtegemea kwa kutoa watu mashetani. Alikuja akilalamikia magoti.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Mlingoja nini jana yote? Mnapenda kuniita mambo yakishaharibika."

Akafukiza ubani, akasoma aliyoyasoma, akaita kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa. Mtoto akapanda. Alipanda taratibu, macho wazi, hana hofu hata kidogo, mpaka nywele zake zikagusa chandarua, na ile sauti ya kamba ikalia juu ya bati. Mama Mkubwa akafunika chetezo kwa mkono mtupu bila kujali moto.

"Nimetoa wenye kiburi," alisema akihema. "Nimetoa wenye njaa na wenye wivu. Huyu hana hata kimoja. Huyu yuko kazini."

"Anataka nini?" fundi aliuliza.

"Hataki kitu, mwanangu. Anangoja kuambiwa. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia basi, atainua mpaka mtoto afike huko aliko yeye. Aliyetoa ishara ya kuinua akatoe ya kushusha leo hii, jua likiwa juu. Na kile kiti mlichonieleza msikiache wazi tena."

"Nitaweka shati," Baba Kifungo alisema.

"Mambo ya shati ni ya kwenu huko kazini, mimi siyajui. Fanya upesi tu."

Walifika gatini mchana, watu wamejaa. Fundi alikuwa amemfunga mtoto mgongoni kwa mtandio, na kilichomtoa machozi njia nzima ni kwamba mtandio haukumkata mabegani hata kidogo. Alibeba mtoto asiye na uzito. Wakamfungua chini ya kulabu, mama akamshika mkono asije akaondoka. Baba Kifungo akasogea nyuma, pale pale alipokuwa akisimama ujanani, akaelekeza kidole chini, akakizungusha polepole.

Kamba ikalia. Mkono wa mtoto ukaanza kuwa mzito mkononi mwa mama, ukazidi, ukavuta bega, na visigino vikagusa chini.

"Mama," Kifungo alisema akikunja uso, "miguu inaniuma."

Fundi alimkumbatia akalia kwa sauti, na wageni waliokuwa karibu wakatabasamu wakidhani ni furaha ya matembezi. Alipoinua uso, mumewe alikuwa ameshafungua vifungo vya shati.

"Usipande. Si ameshuka? Twende zetu nyumbani."

"Bado ananitazama," Baba Kifungo alisema taratibu. "Nikijikuna kichwa tu, atainua. Kutakuwa na maisha hapo? Kaa naye. Ni dakika moja, halafu nawanunulia aiskrimu ya mizani." Akacheka kidogo kwa kujipa moyo, akaruka mnyororo uliozungushiwa kreni mlinzi wa gati alipogeuka.

Alipanda ngazi ya chuma kama kijana, shati lake la buluu begani, na fundi alimfuata kwa macho akihesabu moyoni bila kujua anahesabu nini, akamwona anafika, anafungua mlango wa kibanda, anainama kuingia, kisha hakuona kitu, akasikia tu vicheko vya watu na vijiko kwenye bilauri na maji yakipiga ukuta wa gati, na harufu ya grisi ikashuka nzito kiasi kwamba Kifungo alifunika pua, na mlango ule juu ukajifunga, ukafunguka tena, na mumewe akatoka kifua wazi akaanza kushuka, kipandio baada ya kipandio, hatua zote sawasawa, hakuna iliyopishana na nyingine hata kwa pumzi, na hakuangalia chini anapokanyaga, aliangalia mikono ya mkewe.

"Umeweka?" aliuliza fundi.

Mumewe alisimama mbele yake, mikono imening'inia.

"Twende basi."

Akaenda.

Nyumbani alisimama mlangoni mpaka alipoambiwa aingie. Alisimama sebuleni mpaka alipoambiwa akae. Alipopewa maji alikunywa yakaisha, na bilauri ikabaki mdomoni mpaka mkewe alipomwondolea. Mama Mkubwa alipokuja jioni alimzunguka, akamnusa shingoni kama mtu anayenusa mboga sokoni, akakaa chini mwenyewe bila kukaribishwa.

"Nieleze tena habari ya shati," alisema. "Dereva aliliacha kitini, kwa ajili gani?"

"Ili kiti kijue mwenyewe ni nani."

"Na mumeo hakuwa dereva."

"Hapana. Alikuwa wa chini, mtoa ishara. Aliona tu wenzake wakifanya."

Mama Mkubwa akashika magoti yake kwa nguvu. "Basi kiti kimeshajua mwenyewe. Mumeo yuko kule juu, mwanangu. Aliyekuwa juu amepokewa zamu, ameshuka. Huyu hapa si wako."

Kile kilichokaa kitini kiliwatazama wote wawili kwa adabu.

Asubuhi fundi alikimbia gatini kulitoa shati. Alikuta mafundi wa kuchomelea wakikusanya vifaa vyao. Mgeni mmoja alikuwa amelalamika kwamba jana mwanamume nusu uchi alipanda kreni mbele ya watoto, na wenye gati, kwa usalama wa wageni, wakaikata ngazi. Fundi aliwasihi mafundi, akamsihi mlinzi, akajibiwa kwa upole kwamba hakuna mtu juu, mama, tumekagua. Aliinua macho. Dirishani mwa kibanda mkono wa shati la buluu ulikuwa umetulia. Alimpungia. Alimwita kwa jina alilokuwa akimwita wakiwa wawili tu. Shati halikusogea, kwa sababu dereva humtazama mtoa ishara wake, na mwili wa mtoa ishara wa gati lile ulikuwa nyumbani umekaa kwenye kochi.

Siku zikaenda. Kifungo alirudi kuwa mtoto mzito, mwenye kukanyaga sakafu mpaka majirani wakalalamika. Baba alikwenda kusambaza gesi alipoambiwa aende, akarudi alipoambiwa arudi. Watu walimsifu fundi kwa kupata mume mtulivu sana. Mama Mkubwa alijaribu kila dawa aliyoijua, na yule mtu akala, akanywa na kufukizwa alivyoagizwa, kwa utiifu uliomvunja mzee moyo.

Alasiri moja fundi alikuwa anashona, na yule mtu amekaa mbele yake, mikono magotini, anangoja. Nyumba ilikuwa kimya. Fundi hakuwa na nia mbaya wala nzuri, ni uchungu tu uliomsukuma.

"Cheka," alimwambia.

Akacheka. Kilikuwa kicheko chenyewe cha mumewe, kile cha kuanza puani na kuishia kwenye kikohozi, cha mtu anayefurahia mzaha wake kuliko wanaomsikiliza. Kifungo alikuja mbio kutoka nje, visigino vikigonga sakafu.

"Mama! Baba amepona!"

Mtoto akajitupa mapajani kwake, naye akaendelea kucheka, mbavu zikimpanda na kushuka, jasho likimtoka, pumzi ikianza kumkatika, macho yake yakiwa mikononi mwa fundi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia basi. Fundi aliinua mkono kumsimamisha. Kisha akaurudisha juu ya kitambaa, akamwacha acheke kidogo zaidi.