Nilimwita Kaka Yangu Mwizi wa Barua za Guka

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, Mkenya, naishi peke yangu DeSoto, kusini mwa Dallas. Nafanya kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala. Mume alishaenda zake. Mwanangu mmoja yuko jeshini, mbali. Nawaandikia haya, wasomaji wenzangu, kwa sababu yamenishinda kubeba... na kwa sababu aliyepaswa kuyasikia hataki tena kusikia sauti yangu.

Babu yetu, tuliyemwita Guka, alikuwa karani na mkalimani wa daktari mmoja Mskoti katika hospitali ya misheni huko kwetu. Daktari alipostaafu akarudi Uskoti, lakini urafiki wao haukufa. Waliandikiana barua zaidi ya miaka ishirini, tena kwa Kiswahili! Habari za mvua, za wagonjwa, za watoto waliozaliwa na waliozikwa. Kila barua iliyofika kutoka Uskoti, Guka aliiweka kwenye sanduku la bati. Alipofariki, mama akalitunza sanduku lile kama mboni ya jicho.

Mapema mwaka 2017 mama naye akatutoka. Mimi ndiye niliyeweza kwenda kumzika. Kaka yangu Ndegwa, nesi huko Houston, alikuwa bado anangojea karatasi zake za uhamiaji, angetoka Amerika, asingeruhusiwa kurudi. Alilia kwenye simu kama mtoto. Basi nikamletea sanduku la Guka hadi nyumbani kwake Pearland, pembeni mwa Houston.

"Wewe ndiye mkubwa," nikamwambia. "Likae kwako."

Akalipokea kwa mikono miwili.

Amerika hii, wa tumbo moja tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Kila Jumapili alinipigia. Kama sikushika, alipiga tena hadi nishike.

Agosti mwaka ule maji yakaingia Houston. Siku mbili simu ya Kaka haikupatikana. Nilikesha nikiomba. Alipopatikana, mnajua neno langu la kwanza lilikuwa lipi? Nasema kwa aibu...

"Sanduku liko wapi?"

"Liko salama," akasema. "Na sisi pia tuko salama, Muthoni."

Tangu hapo akawa na siri. Nikimwomba anipigie picha ya barua hata moja, ananiambia ngoja kidogo. Krismasi nilipowatembelea, chumba kimoja cha nyumba kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo. Nikauliza kuna nini. Vifaa vya ukarabati, akasema, huku anaangalia pembeni. Shaka ikaanza kunitafuna.

Mwaka 2018, siku moja sikuwa na shifti, nikaandika jina la Guka kwenye mtandao, kwa kumkumbuka tu. Ikafunguka tovuti ya maktaba moja huko Uskoti, inayohifadhi maandishi ya mkono ya kale na karatasi binafsi za watu waliokwisha kufa. Na pale, kati ya shajara na hati za Waskoti wa zamani, zilikuwemo karatasi za daktari yule yule! Chini yake picha ya barua. Mwandiko wa Guka, ule wa kuinamia kushoto. Jina lake chini kabisa, na la kijiji chetu.

Ameziuza! Kumbe ndiyo maana ya ngoja kidogo!

Maelezo yalikuwepo chini ya picha. Kiingereza changu kinatosha kabisa kuyasoma. Sikuyasoma. Hasira husoma nini?

Nikampigia. Sikumsalimia hata. "Mwizi mkubwa wewe! Mama hajaoza, umeshauza alichotuachia!"

"Muthoni, tulia. Ni nani amekwambia..."

Nikakata. Akapiga mara nne, sikushika. Jioni akatuma ujumbe mfupi: "Ukiwa tayari kuuliza, nipigie." Nikaufuta.

Halafu nikafanya jambo ambalo kalamu inaniuma kuliandika. Nilikwenda kwenye grupu ya ukoo nikaandika yote, na ile picha nikaibandika. Wajomba Kenya, shangazi Kenya, binamu zetu wa Dallas na Houston... wote walisoma. Nani angebisha? Picha si hiyo hapo!

Mtu mmoja tu aliniuliza swali. Ni Spes, mama Mrundi tunayefanya naye kazi, Mkatoliki mpole asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza tukila, kisha akasema, "Ila mulimuuliza, mama? Yeye anasema aje?" Nilimjibu kwamba ya ukoo wetu hayamhusu.

Mwaka 2019 Wambui, binti wa pekee wa Kaka, akaolewa. Niliwapigia jamaa zetu wa Texas mmoja mmoja. Nikawaambia anayekwenda kula kwa mwizi asinijue tena. Hawakwenda! Nilisikia baadaye kwamba viti vya upande wetu vilikaa vitupu, mpaka Kaka akawaomba majirani zake Wakongo wasogee mbele wavijaze. Ilipofika wakati wa shangazi kumshika bibi harusi mkono, alisimama mama mmoja wa Bukavu ambaye hata si damu yetu. Na mimi saa hiyo nilikuwa DeSoto, nikipika chakula cha mtu mmoja, najiona nimeshinda.

Ikaja corona, mwaka 2020. Ghala likafungwa kwa muda. Nikabaki na kuta nne. Simu haikulia siku nzima, wiki nzima... Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kwa kukosa la kufanya, nikaiandikia maktaba ile kwa ukali: rudisheni barua zetu zilizoibwa!

Mama mmoja mtunza nyaraka akanijibu kwa upole. Alisema karatasi za daktari zililetwa na binti wa daktari mwenyewe, zamani sana, kabla hata mimi sijavuka bahari. Barua niliyoiona ni ile Guka aliyomwandikia daktari, kwa hiyo ilihifadhiwa na daktari. Zile ambazo daktari alimwandikia Guka hawakuwa nazo. Bila shaka, akasema, hizo zilibaki kwenu.

Mungu wangu! Zilikuwa barua nyingine kabisa!

Hakuishia hapo. Alisema baada ya mafuriko ya Houston bwana mmoja wa jina la ukoo wetu aliwaandikia, akiomba kufundishwa namna ya kuokoa barua zilizolowa. Baadaye aliwaruhusu kumweleza yote ndugu yeyote atakayeuliza. Aliomba pia nakala za barua zote za Guka, seti mbili. Moja yake, moja ya dada yake, ambaye mwanzoni hakutaka ajue mpaka siku ya kupewa. Akamaliza kwa kuniuliza: ndiye wewe?

Nilikaa sakafuni. Sijui kwa muda gani.

Nilipiga simu Pearland. Mke wake alishika, akampa Kaka simu.

"Maji yaliingia sandukuni," Kaka akasema taratibu. "Niliogopa kukwambia. Nilizikausha ukurasa kwa ukurasa mle chumbani, miezi minane. Nyingine zilishafutika. Nilitaka nikupe zote pamoja, za huku na za kule."

Nililia, nikaomba radhi kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, kwa jina la mama.

"La kuniita mwizi nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Lakini Wambui alinigeukia kanisani akaniuliza, 'Dad, watu wetu wako wapi?' Hilo sina namna ya kulisamehe. Usinipigie tena, Muthoni."

Akakata. Sijamsikia tangu siku hiyo.

Nimeandika ukweli kwenye grupu ya ukoo. Wengine wamesoma wakanyamaza. Wawili wakaniambia yaliyopita si ndwele. Hakuna aliyempigia Kaka kumwomba radhi.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Ukimshuku ndugu yako, usianze na ukoo, usianze na grupu, usianze na kanisa. Panda gari uende ukakae mbele yake. Muulize, kisha ufunge mdomo mpaka amalize kujibu. Msilale na hasira mkiiita haki. Mimi ukweli nimeupata wote... sina wa kuuzungumza naye.