Tiki ya Hatua ya Tano

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Adoch alikaa mlangoni na karatasi na kalamu, naye baba yake, Okeny, akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Walikuwa wakiishi mtaa wa Kawempe. Okeny aliendesha malori ya jeshi miaka kumi na minane, na sasa alikuwa amestaafu na anajifunza kuendesha tanka, lori la kubeba mafuta. Hatua kumi na mbili za kushusha mafuta ziliandikwa kwa Kiingereza, na Okeny alikijua zaidi Kiswahili cha kambini. Kwa hiyo Adoch, msichana wa darasa la sita, alimtafsiria, kisha baba akazitaja kwa kichwa. Kila hatua aliyoitaja sawasawa iliwekewa tiki.

Wakati wenyewe haukuwa wa kuanzia kazi. Mizigo ilikuwa imepungua mwaka ule, na matanka mengi yalilala yadini, nyasi zikiota chini ya magurudumu. Wanafunzi walikuwa watatu, nafasi moja. Msimamizi wa yadi, Hajati Bushira, alisema wazi kwamba atakayeruka hatua hata moja siku ya mtihani asimtafute tena. Okeny aliitaka sana kazi ile, maana alikuwa amechoka kulinda mageti ya watu.

Wiki ya kwanza Adoch alisikiliza vizuri. Ya pili akachoka. Uani, Princesse, binti wa jirani yao Mkongo aitwaye Anselme, aliruka kamba na kucheka, na kicheko kile kilikuwa kitamu kuliko habari za breki. Tena mafuta yenyewe ya kushusha yako wapi, mizigo imepungua hivi, Adoch alijiambia. Jioni tatu mfululizo aliweka tiki zote kumi na mbili upesiupesi, masikio yakiwa uani. Okeny alilala akiamini ameiva.

Asubuhi ya mtihani Okeny aliondoka mapema, shati limepigwa pasi. Adoch alikuwa akivaa sare ya shule. Alipovuta sweta ya nailoni kichwani, ikalia ta-ta-ta na nywele zikasimama. Akabaki vilevile, mikono juu. Anselme, dereva wa tanka wa siku nyingi, aliwahi kuwaeleza kwamba mafuta yakipita kwenye mpira wa kushushia huzaa cheche kama zile za sweta, na cheche moja inatosha kuteketeza yadi nzima. Ndiyo maana waya wa ardhi, unaoupeleka umeme huo chini, hufungwa kabla ya mpira kuunganishwa. Hiyo ilikuwa hatua ya tano. Adoch alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimsikia baba akiitaja, asikumbuke.

Angeweza kunyamaza. Huenda baba angeukumbuka mwenyewe, na nani angejua? Lakini aliitazama karatasi, akaziona tiki zake tatu za hatua ya tano, zimenyooka vizuri, akaona haya. Alikimbia hadi yadini, mkoba ukimgonga mgongoni.

Okeny alikuwa wa pili kwenye foleni. Adoch alimvuta pembeni, akamwambia kwamba huenda alikuwa akiruka hatua ya tano.

"Siruki. Wewe mwenyewe umeweka tiki," alisema baba.

"Niliweka bila kusikiliza. Siku tatu. Nimekudanganya, Baba."

Okeny hakumgombeza. Alimtazama tu, na kutazamwa kule kulimuuma Adoch kuliko fimbo. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: handibreki, vizuizi vya magurudumu, vibao vya hatari, kizima-moto. Alipofika kidole cha tano akasema, "Mpira."

"Waya," alisema Adoch kwa sauti ndogo.

"Waya," akarudia baba.

Zamu yake ilipofika, aliufunga waya, akauvuta kuona kama umekaza, ndipo akagusa mpira. Hatua zote kumi na mbili zilikwenda sawa. Hajati Bushira aliandika, kisha akauliza yule mtoto mwenye sare anafanya nini getini saa za shule. Okeny angeweza kusema amemletea chai. Alieleza yote, akamalizia, "Hajati, bila huyu ningeruka waya leo. Siwezi kukuficha."

Hajati aligongagonga kalamu mezani. "Dereva anayetaja kosa lake kabla sijaligundua, huyo nitamkabidhi mafuta," alisema. "Safari ni moja kwa wiki mpaka mizigo irudi. Utavumilia?"

Okeny alisema atavumilia. Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha.

Kisha Hajati akamgeukia Adoch. "Na wewe, binti. Mizigo imepungua, moto haujapungua. Tiki ni neno lako. Kama hukusikia, usiseme umesikia."

Shuleni Adoch alichelewa, akapewa kufagia darasa, akafagia bila kunung'unika.

Jioni ile baba alisimama tena mbele yake. Kamba ya Princesse ilikuwa ikipiga chini uani. Okeny akataja hatua nne, kisha akasema, "Mpira."

Kalamu haikushuka. "Rudi nyuma, Baba."

Okeny akacheka, kumbe alikuwa akimjaribu. "Waya," alisema. Adoch akaweka tiki polepole.

"Hapo sawa," alisema baba. "Mtu akikuamini, mwanangu, analala usingizi juu ya neno lako. Leo nitalala."