Tiketi ya Tatu ya Nairobi

Saa nne na robo asubuhi, Jumatatu, ofisi ya tiketi za ndege katikati ya Kigali ilikuwa na watu ishirini na wawili na feni moja. Cyusa alikuwa amekwisha kulipia tiketi mbili za Nairobi, yake na ya Gaju, mchumba wake. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Jumamosi wangeruka, wakae siku tatu, wale nyama choma, watazame twiga, na kwa mara ya kwanza tangu wachumbiane wawe peke yao. Hilo la mwisho ndilo alilolitaka. Twiga walitajwa kwa adabu tu.

Alipogeuka aondoke, aliviona viatu vyekundu ambavyo angevitambua popote. Juu yake palikuwa na gauni la kitenge cha kijani, limebana panapostahili na kuachia panapostahili, na mtandio wa rangi ya maziwa. Gaju, fundi cherehani aliyejishonea mwenyewe, alikuwa kwenye dirisha la pili, akizungumza na karani.

"Ndege ileile ya Jumamosi," alikuwa akisema. "Mtu mmoja."

"Cheri," Cyusa alisema. "Huyo mtu mmoja iko nani?"

Gaju aligeuka. "Wewe si ulisema utakuja mchana?"

"Nimewahi. Iko nani?"

"Somo yangu. Bi Mukunde." Alielekeza kidevu kwenye benchi la ukutani. Mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, aliyevaa baibui jeusi na miwani ya jua humo humo ndani, aliinua mkono kidogo, kama kiongozi anayepokea salamu uwanjani.

Cyusa alisilimu mwaka uliopita. Jambo hilo lilichukua dakika chache msikitini. Kuzijua desturi za Biryogo, mtaa wa kina Gaju, ambako mababu walifika na biashara kutoka pwani, ilikuwa kazi nyingine, na hakuna aliyempa ramani yake. Yeye alisimamia ujenzi Kinyinya. Kiswahili alikiokota kwa mafundi, na mafundi hawakuwahi kuzungumza habari za somo.

"Ndiye aliyenifunda," Gaju alieleza. "Kila bibi harusi kwetu ana wake. Fungate yote anakuwa nasi."

"Anakuwa nasi wapi?"

"Chumba cha pili, sha. Usinitazame hivyo."

"Na anafanya nini?"

"Kazi yake."

"Kazi gani ya watu wawili inataka mtu wa tatu?"

Feni ilisikika vizuri sasa, kwa sababu ofisi nzima ilikuwa ikiwasikiliza.

"Punguza sauti, Cyusa."

"Mimi nimepanga fungate. Sikupanga safari ya shule, na mwalimu."

Mzee mmoja kwenye foleni alicheka. Karani akainamia kibodi yake. Gaju hakucheka.

"Mama yangu alikwenda na somo yake. Bibi yangu pia. Kumbe kwako haya ni mambo ya Waswahili, ya kuchekeshea foleni."

"Sijasema hivyo."

"Umewachekesha. Sasa sikiliza. Bila somo, Nairobi siendi. Na kama siendi, jiulize Ijumaa utamuoa nani."

Akatoka. Bi Mukunde alinyanyuka taratibu, akapita mbele ya Cyusa, akamtakia siku njema. Sauti yake haikuwa na kejeli yoyote, na hilo lilimuumiza zaidi.

Mchana alimpigia Gaju simu. Iliita mpaka ikakatika. Akampigia tena akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, mwashi akimsubiri aseme kama ukuta umenyooka. Akasema umenyooka bila kuutazama. Kufikia jioni alikuwa amefikia hitimisho, kwa ushahidi mdogo sana: Gaju anaogopa kuwa naye peke yake.

Simu iliyoingia ilikuwa ya Gratien, kaka yake mkubwa, muuzaji wa vipuri vya magari Nairobi.

"Mdogo wangu, kila kitu tayari. Hoteli ya nini? Mtalala kwangu, watoto watawapisha chumba."

"Yego, kaka."

"Jumamosi karamu. Watu thelathini tu, sikutaka kelele. Jumapili kwaya yetu itawaimbia. Najua umesilimu, wataimbia nje, kwenye uwanja."

"Yego, kaka."

"Jumatatu wakwe zangu wanataka kumwona bibi harusi."

"Yego."

Tangu baba yao afariki, Gratien ndiye aliyekuwa baba, na kwao Kabuga mkubwa aliambiwa yego, ndiyo; hakuambiwa hapana. Cyusa alikata simu akakaa kitako kwenye mfuko wa simenti. Fungate yake ya watu wawili ilikuwa na kwaya.

Siku ya pili alikwenda kwa Bi Mukunde, Biryogo, na kilo mbili za sukari. Kumzuia kaka yake hakuweza. Kumzuia somo labda angeweza. Bi Mukunde alimpokea mlangoni, akiwa katika dera la zambarau, mkononi chetezo kinachofuka udi.

"Asalam alaikum, mama."

"Waalaikum salaam. Ingia. Umekuja kunifukuza kazi."

"Nimekuja kuuliza. Kazi yako iko nini?"

"Ulidhani nitalala katikati yenu? Mimi nakoroma, mwanangu, utanikimbia mwenyewe." Aliweka chetezo chini. "Somo anakaa mlangoni. Chakula kinapitia kwangu. Nguo zinapitia kwangu. Wageni hawapiti."

"Wageni gani?"

"Wote. Mama mkwe, mawifi, majirani wanaotaka kuona maharusi wameamkaje. Sijaona fungate iliyoharibiwa na mume au mke. Nimeona nyingi zilizoharibiwa na ndugu."

Simu ya Cyusa iliita. Aliitazama bila kuigusa.

"Nani huyo?"

"Kaka. Iko na watu thelathini."

"Mwambie hapana."

"Kwetu haiwezekani."

"Kwenu," alisema Bi Mukunde, akanyoosha mkono. "Lete."

Alizungumza kwa sauti laini, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Baba Gratien? Mimi Bi Mukunde, somo wa bibi harusi. Alhamdulillahi, wazima. Nimesikia mipango yako, mizuri sana. Wageni thelathini, ndiyo. Waje siku ya nane." Akasikiliza. "Mila, baba, si mimi. Maharusi hawaonwi mpaka fungate iishe, siku saba kamili." Akasikiliza tena. "Siku ya nane watakuwa wamesharudi Kigali? Basi njooni Kigali. Na kwaya yote, tutawapa pa kukaa."

Akarudisha simu.

"Amesema nini?" Cyusa aliuliza.

"Anaheshimu mila. Atatupeleka hotelini."

Cyusa alitoka nje, akampigia Gaju. Safari hii alipokea.

"Sema."

"Gaju, unaogopa kuwa na mimi peke yako?"

"Nikuogope wewe? Namwogopa kaka yako. Kila akipiga, wewe ni yego, yego, yego. Niliona tutalala kwenye zulia la sebuleni kwake, ukoo mzima unatuhesabu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimseme shemeji kwa mume kabla sijaolewa? Mambo hayo husemwa na somo. Ndiyo kazi yake."

"Nilikosea kukufanyia mzaha mbele ya watu."

"Ulikosea. Tena jana kwa hasira nimemkatia mteja mkono mmoja wa gauni mfupi kuliko mwenzake. Utakuja kumweleza wewe."

"Nitakuja. Na tiketi ya somo yako naenda kuikata sasa hivi. Anataka kiti cha dirishani."

Upande wa pili kulisikika kicheko, kifupi, kisha kirefu.

"Cyusa."

"Yego, cheri."

"Hiyo yego isiwe kama unayompa Gratien."

"Hii iko yangu."

Ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya sala. Jumamosi mchana, nje ya uwanja wa ndege wa Nairobi, Gratien alikuwa amesimama peke yake na shada la maua na gari moja. Alimsalimia Bi Mukunde kabla ya wengine wote. Aliwapeleka hotelini, akabeba masanduku mpaka ghorofa ya nne, na pale kwenye ujia akaanza kusema kwamba mke wake amepika kidogo tu, kwa watu wachache tu.

Bi Mukunde alikuwa ameshavuta kiti mbele ya mlango wa maharusi, ameketi. Alimwomba Gratien amfikishie mkewe shukrani. Nyuma yake mlango ulifungwa, ufunguo ukazungushwa kwa ndani mara mbili.