Gundi Kali na Glavu za Sufu

Nyumbani kwa Bibi Kera hakuna kopo la mtindi linalotupwa. Mtindi ukiisha, kopo linaoshwa, linaanikwa, kisha linapewa kazi nyingine. Moja lina misumari. Jingine lina mbegu za pilipili. Jingine lina vifungo vya makoti ya watu waliokufa zamani. Kijiji kizima kinafanya hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna anayemcheka mwenzake.

Siku hiyo ya Januari, theluji ilikuwa imefika magotini. Katika chumba cha nyuma, jiko la kuni lilikuwa linawaka. Dobrina, mke wa mwana wa Bibi Kera, alikuwa anapanga manyoya ya jogoo mezani, marefu huku, mafupi kule. Mumewe, Zahari, aliyabandika moja moja kwenye fremu ya mbao. Walikuwa wanatengeneza kinyago.

Zilibaki siku tatu kufika Surva. Siku ya Surva watu huvaa vinyago virefu na ngozi za mbuzi. Hufunga kengele nzito kiunoni. Huenda nyumba hadi nyumba wakirukaruka, ili kufukuza mabaya yote ya mwaka. Kila ukoo una kinyago chake. Cha ukoo wa Bibi Kera kilikuwa hakijakosa hata mwaka mmoja kwa miaka arobaini. Hata mwaka ule marehemu mumewe alipovunjika mguu, alivutwa kwenye kigari cha theluji, kinyago kichwani, akipiga kengele kwa mikono. Mwaka huu wa kukivaa alikuwa Zahari.

Walikuwa na gundi za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa gundi ya manjano, ile wanayotumia mafundi viatu. Kopo lake la bati lilikuwa kubwa na zito. Zahari alimimina nusu kwenye kopo la mtindi, akaliweka kwenye ubao ulio juu ya jiko. Kwenye baridi gundi ile huwa nzito, na karibu na moto hulainika. Aliona ametumia akili.

Ya pili ilikuwa gundi kali ya chupa ndogo, ile inayokamata papo hapo. Hiyo ilikaa mfukoni mwa Zahari pamoja na funguo na makombo ya mkate. Kifuniko kilipotea siku nyingi. Zahari aliiziba kwa msumari. Dobrina aliuona msumari ule tangu Jumapili, akanyamaza. Mumewe akikosolewa akiwa kazini hununa mpaka chakula cha jioni.

Zahari alikuwa amekaa dirishani, na hapo palikuwa na baridi kali. Vidole vya Zahari vilikufa ganzi, akavaa glavu alizofumiwa na mama yake kwa sufu na pamba. Akachomoa msumari, akabonyeza chupa. Gundi haikutoka. Akabonyeza tena kwa nguvu. Gundi iliruka yote kwa mpigo mmoja, ikamwagika kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, ikazama ndani ya glavu.

Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye glavu.

"Dobrina," alisema, "mkono unaungua."

Dobrina hakuona moto popote, lakini uso wa mumewe ulikuwa umebadilika rangi. Aliruka, akashika glavu ili aivute. Wakati huo huo mlango ulifunguliwa. Aliingia jirani yao Milka, sinia la mikate ya jibini mikononi. Milka alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha viatu mjini, kitengo cha kubandika soli. Alitazama mara moja tu, akaweka sinia chini.

"Usivute! Utamchuna ngozi. Mpeleke kwenye bomba."

Bibi Kera naye alifika mbio na chupa ya rakia, maana kwake pombe ile hutibu mafua, jino, mgongo na huzuni. Milka alimzuia. Pombe haimwagiwi mtu aliyeungua, tena karibu na jiko. Dobrina akachota theluji kwa mikono miwili. Milka akamzuia na yeye.

"Theluji pia hapana, shoga yangu. Baridi kali namna hiyo huumiza ngozi iliyoungua. Maji ya bomba, yatiririke polepole, dakika ishirini. Angalia saa, usikisie."

Dakika ishirini ni nyingi kwa mtu mwenye maumivu. Zahari aliuliza kila baada ya dakika moja kama zimetimia. Milka alichukua mkasi, akakata sehemu ya glavu iliyokuwa huru. Kipande kilichogandia ngozini hakukigusa. Alisema hicho ni cha daktari.

Wakiwa bombani, Dobrina aliuliza imekuwaje kitu kisicho moto kikachoma.

"Gundi hii ikikauka hutoa joto," Milka alieleza. "Tone moja kwenye mbao hulisikii. Lakini pamba na sufu huifanya ikauke yote kwa mara moja, na joto linatoka lote pamoja. Kiwandani kwetu aliyeshika chupa ile na glavu za kitambaa alifukuzwa chumbani siku hiyo hiyo. Si glavu tu. Usiifute kwa kitambaa cha pamba wala kwa pamba yenyewe."

"Mimi ndiye niliyezifuma," alisema Bibi Kera kwa sauti ndogo.

"Glavu zako ni nzuri, mama," Milka akamwambia. "Ni za kuchotea theluji."

Milka aliwapeleka zahanati kwa gari lake. Daktari alitoa kile kipande taratibu. Chini yake palikuwa na lengelenge kubwa kama yai dogo. Aliwaambia wamefanya vizuri kutovuta na kutumia maji. Kisha akafunga bendeji, akasema kwa siku kumi mkono huo usibebe kitu, usilowe jasho, usigongwe. Kinyago kirefu hushikwa kwa mikono miwili upepo ukivuma. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Njiani kurudi, Zahari alijaribu kutania kwamba sasa yeye ni meneja, kazi yake kuelekeza tu. Hakuna aliyecheka. Nyumbani, Bibi Kera alikaa mbele ya kinyago ambacho hakijakwisha, akapapasa manyoya. Dobrina alimwonea huruma sana. Alijikasirikia pia, kwa sababu ya ule msumari.

Kesho yake asubuhi Milka alikuja kumjulia hali mgonjwa. Bibi Kera akamwekea chai. Milka anapenda chai yenye asali, na katika nyumba ile yeye si mgeni. Aliinuka mwenyewe, akachukua kopo la mtindi kwenye ubao wa juu ya jiko, akidhani ni la asali. Ndani aliona kitu cha manjano, kizito, kinachong'aa. Alikuwa ameshachovya kijiko ndipo akasikia harufu yake.

"Zahari," alisema, "unataka kuniua au unataka kunibandika?"

Safari hii walicheka wote, hata Bibi Kera. Lakini Milka aliacha kucheka kabla yao. Alilibeba kopo lile mpaka nje, akarudi, akafungua dirisha.

Aliwaambia kuna makosa mawili makubwa pale. La kwanza, gundi imetiwa kwenye chombo cha chakula. Mtu mzima karibu aile. Je, akija mjukuu? Gundi ikae kwenye kopo lake lenye jina lake na maonyo yake, hata kama kopo ni zito. La pili lilikuwa baya zaidi. Mvuke wa gundi ya viatu huwaka. Nao hauendi juu kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni, na ukilifikia jiko, nyumba nzima imekwisha.

"Lakini kwa baridi hii haipakiki," Zahari alijitetea.

"Ilete ndani tangu asubuhi, kopo likiwa limefungwa, mbali na moto. Mpaka mchana imelainika. Tena ukiipaka fungua dirisha, na jiko liwe limezimwa, si limepunguzwa. Ukiona kichwa kinauma au kinazunguka, toka nje. Hiyo si baridi, ni mvuke."

Na ile ya chupa ndogo? Milka alisema baada ya kutumia, mdomo wake upanguswe kwa karatasi na kifuniko chake kirudishwe. Chupa isimame wima ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ikiziba au ikiwa nzito, inatupwa. Haifinywi.

Dobrina hakungoja. Ghalani palikuwa na kabati la chuma la marehemu baba mkwe wake, mbali na moto na mbali na chakula. Alilisafisha, akapanga gundi zote, akafunga kwa ufunguo. Ufunguo akautundika juu kabisa, mahali ambapo yeye mwenyewe hupanda kiti kuufikia. Nusu iliyokuwa kwenye kopo la mtindi hakuimwaga kwenye sinki. Aliifunika vizuri, akaandika juu yake kwa herufi kubwa GUNDI, akaiacha ghalani mpaka siku ya kwenda kwenye kituo cha taka mjini.

Kisha akarudi kwenye kinyago. Manyoya ya upande mzima yalikuwa bado. Alizima jiko, akafungua dirisha, akavaa glavu nyembamba za plastiki alizoletewa na Milka pamoja na chupa mpya ya gundi kali. Alibandika robo saa, akaenda kuota moto chumba cha pili, akarudi. Zahari alikaa mlangoni akiwa amejifunga blanketi, akimwelekeza. Kila alipoelekeza, Dobrina alikuwa ameshafanya.

Alasiri glavu moja ilichanika bila yeye kujua. Kidole gumba na cha shahada vikashikana, vikawa kimoja. Zahari alitaka kuvivuta.

"Kaa," Dobrina akamwambia. "Mama, niletee maji ya vuguvugu na sabuni."

Alilowesha vidole kwa utulivu. Baada ya muda aliingiza mpini wa kijiko katikati, akawa anauzungusha polepole, bila kuvuta. Havikutaka kuachana mara moja. Akaongeza maji, akangoja tena. Bibi Kera alikaa karibu akiuliza. Ingekuwa midomo? Maji ya vuguvugu na mate, alijibu Dobrina kama Milka alivyomfundisha, na kwa daktari. Ingekuwa jicho? Maji mengi, lisifunguliwe kwa nguvu, na hospitali palepale. Na ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha? Inasaidia kwenye vidole vizima, kidogo tu. Kwenye kidonda, jicho au karibu na moto, hapana.

Vidole viliachana. Ngozi ilikuwa nyekundu kidogo, basi. Dobrina akarudi mezani. Kabla jua halijazama alibandika unyoya wa mwisho.

Bibi Kera alitoka. Aliporudi alikuwa ameubeba mkanda wa kengele, mzito hata akawa anapumua kwa shida. Aliuweka miguuni pa Dobrina.

"Utakivaa wewe," alisema.

"Mama, mimi ni mwanamke."

"Hilo nimeliona, nina macho. Kijiji cha pili wanawake wanavaa, na mabaya yanakimbia vilevile. Nani mwingine anakijua hiki unyoya kwa unyoya?"

Dobrina alimtazama mumewe. Zahari alinyanyua mkono wenye bendeji, akasema meneja amekubali.

Asubuhi ya Surva, Bibi Kera alimfunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akasimama langoni. Alimwona Dobrina akiruka mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa nguvu, mpaka kengele zikasikika kijiji kizima. Bibi Kera alilia waziwazi. Jirani mmoja akauliza ni mwanawe huyo anayeruka vizuri hivyo?

"Ni mkwe wangu," alijibu. "Mwanangu amebaki ndani. Nimemwambia asiguse kitu."