Sarafu Iliyooshwa

Magharibi hiyo mdogo wangu, fundi saa, alinipitia nimsindikize kukagua sarafu ya fedha. Za aina hiyo zimebaki chache mno duniani, alisema, na kwenye sanduku lake la sarafu kuukuu pengo lililobaki ni la hiyo tu. Mimi niliolewa na sonara miaka thelathini. Fedha naijua kuliko nilivyomjua marehemu mwenyewe. Nikajitanda, tukaenda.

Mwanamke wa makamo alitufungulia mlango nusu. Chumba kilinuka ndimu na majivu. Na kitu kingine... kama buchani wakati wa kufunga. Sarafu aliileta kwa kitambaa, akaiacha mezani bila kuigusa.

Iling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikainama. Mikwaruzo myembamba kila upande, na hata kwenye mifereji ya herufi hapakuwa na chembe ya weusi ambao fedha ya zamani huwa nao. Nikamwambia mdogo wangu imesuguliwa, thamani imekwisha, tuondoke. Akasema hiyo ndiyo bahati yake; ingekuwa na weusi wake asingeimudu.

Kwaru... kwaru... kwaru.

Sauti ilitoka chumba cha ndani. Nikauliza nani anasugua masufuria saa hizi. Nikausukuma mlango, adabu ya kusubiri sikuzaliwa nayo.

Mumewe alikaa sakafuni, anajisugua mkono kwa brashi ya waya na majivu. Ngozi ilishakwisha. Nyama ilining'inia kiwikoni kama pindo la nguo iliyochanika. Chini yake mfupa, na juu ya mfupa weusi unapanda... polepole, kama wino kwenye karatasi. Hakulia. Aliniangalia kama mtu niliyemkatiza kazi.

"Bado kidogo," akasema.

Nilirudi mbio. Mwanamke akanong'ona kwamba sarafu ilikuwa nyeusi tii, na aliyewauzia aliwaonya wasiioshe. Mumewe akaiosha ipande bei.

"Weusi ulitoka, bibi. Lakini haukwenda na maji."

"Na mkiiuza?"

"Tunaambiwa anayeinunua anauchukua."

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa ameishika.

Alisikia yote, na bado mkono wa pili ulikuwa mfukoni unatafuta pesa. Mwanamke alishafungua droo ya meza azipokee. Ngumi yenye sarafu ilikuwa imeegemea ndani ya ukingo wa droo hiyo.

"Iache," nikasema.

"Nimeitafuta miaka ishirini, dada."

Kidole gumba kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

Nikaibamiza droo kwa nyonga. Akapiga ukelele. Nikabamiza tena, mifupa ikalia kama kuni kavu. Mara ya tatu ngumi ikafunguka, sarafu ikadondokea drooni. Mwanamke akanirukia, akaniuma bega hadi damu ikachuruzika. Nikamshika nywele, nikampiga kichwa ukutani mpaka meno yakaachia. Kisha nikamburuta mdogo wangu nje.

Weusi ulifutika kabla hatujafika kwa daktari. Vidole vitatu vilipona vimepinda. Skrubu ya saa hawezi kuishika tena, na anayemlisha ni mimi. Hajanishukuru, wala sikungoja shukrani. Kila wiki ananiuliza kwa sauti ya chini kama wale watu bado wanayo. Namwambia wamehama.

Hawajahama. Juzi nilipita pale jioni, nikasikiliza dirishani. Sasa wanaosugua ni wawili.